Anwani ya Tanki la Maji

Wakazi wa Bloku B wana imani moja ambayo hata masika hayajaiosha: maji yakikatika, pampu imekufa. Pampu ni nzima. Nimekaa nayo wiki nane za mafunzo kwa vitendo kwenye kitengo cha ukarabati, na niko tayari kuitetea popote. Kilichotunyima maji muhula uliopita ni namba, tena namba ndefu yenye nukta tatu ndani yake. Jarida hili limeshachapa malalamiko mengi ya maji, kwa hiyo naona si vibaya makala moja ikaeleza.

Mambo yako hivi. Ndani ya tanki la mnara nyuma ya bloku kuna kipimo cha kina cha maji. Kipimo kinapeleka habari kwa kisomaji kilichofungwa kwenye chumba kidogo chini ya mnara, na hicho kisomaji kinajua lugha moja tu, RS-232, ile ya plagi ya pini 9 ambayo kompyuta za zamani zilikuwa nayo mgongoni. Ni lugha ya mwaka 1960, kutoka Marekani, na haipendi safari ndefu. Toleo lake lililoenea zaidi lilitaja futi 50, yaani kama mita 15 tu. Ofisi ya ukarabati iko ng'ambo ya uwanja wa mpira. Ndiyo maana aliyefunga mfumo aliweka kisanduku cha katikati, kinachoingia kiganjani. Upande mmoja kinapokea waya wa pini 9, upande wa pili kina tundu la kebo ya mtandao kama la laptopu. Kinachukua herufi kutoka kwa kisomaji na kuzisafirisha kwenye mtandao wa chuo hadi ofisini, ambako programu inaonyesha asilimia ya maji yaliyomo tankini. Mwendesha pampu anaangalia skrini, ikishuka chini ya 40 anawasha. Basi.

Sasa, ile programu inakitafuta kisanduku kwa anwani yake ya IP, na kisanduku kilikuwa kinaishi kwa anwani ya kuazima. Huo utaratibu wa kuazima unaitwa DHCP na ndio unaotuhudumia sisi sote: ukiwasha simu bwenini, ruta inakupa namba ya kutumia kwa muda, ukishaondoka anapewa mwingine. Kwa simu haina shida, maana simu ndiyo inayoenda kutafuta vitu. Kisanduku cha tanki ni kinyume chake. Chenyewe kimekaa, kinasubiri kuulizwa. Anayesubiri kuulizwa akihama bila kuaga, kuna kazi.

Na kilihama. Umeme ulikatika usiku, ruta ya bloku ikazimika na kusahau daftari lake lote la nani ana namba gani. Uliporudi, simu za bloku nzima zikaanza kuomba upya kwa pamoja. Kisanduku kikapewa namba nyingine, na ile yake ya zamani ikaangukia kwa printa ya steshenari ya ghorofa ya chini. Programu ya ofisini ikawa inabisha hodi kwa printa. Printa itajua nini habari za maji?

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba programu ilipokosa jibu haikusema haijui. Iliacha namba ya mwisho palepale kwenye skrini, 82, kwa rangi ya kijani, huku saa ya kipimo hicho ikiwa pembeni kwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo. Mwendesha pampu aliona 82. Angewashaje pampu? Siku mbili watu walishuka na ndoo hadi Bloku D, wenye test ya saa 2 asubuhi wakiwa foleni tangu saa 10 alfajiri, na vyoo vya ghorofa ya tatu naomba nisivielezee. Waziri wetu wa malazi aliandika barua kali kudai pampu mpya. Kusema ukweli pampu mpya ingekuja, ingefungwa kwa sherehe, na isingewashwa vilevile, kwa sababu skrini ilikuwa bado inasema 82.

Dawa ilikuwa kukipa kisanduku anwani ya kudumu. Wengi hudhani kazi hapo ni kuiandika. Kuandika ni dakika tano. Kazi ni kujua uandike namba gani, na huwezi kuitoa kichwani. Mtandao wa bloku ni 192.168.20.0, na ruta inaazima kuanzia .100 hadi .200. Ukikiandikia kisanduku .150 kwa mkono wako, leo kitafanya kazi vizuri tu. Siku moja ruta itaipa simu ya mtu .150 hiyohiyo, na vifaa viwili vyenye anwani moja kwenye mtandao mmoja huharibiana kazi, kila kimoja kinapotea na kurudi bila mpangilio. Utatafuta ubovu huo hadi ukonde.

Kwa hiyo Mzee wa ukarabati akanichukua hadi ofisi ya TEHAMA.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kuomba namba."

"Ya kifaa gani?"

"Ya tanki la maji."

Yule dada akacheka, halafu akaacha kucheka alipokumbuka kwamba mdogo wake anakaa Bloku B. Akafungua jedwali lake. Yeye alipendelea tusikiguse kisanduku kabisa: ruta ikitambue kwa anwani yake ya MAC, ile namba ya kiwandani iliyobandikwa tumboni, na kila kikiomba ikipe namba ileile. Watu wa mitandao wanaipenda njia hiyo kwa kuwa kila kitu kinabaki sehemu moja, na kwa printa ningemuunga mkono. Kwa tanki nilibisha. Umeme ukirudi, kisanduku kinaamka ndani ya sekunde chache wakati ruta bado inapiga miayo. Kikiomba namba na kukosa, vingine hujipa vyenyewe anwani ya 169.254 ambayo haivuki ruta, na ofisini utasubiri hadi jioni. Chenye namba yake mwenyewe hakingoji mtu aamke. Tukakubaliana: .12 iandikwe ndani ya kisanduku, na kwenye jedwali lake iandikwe kuwa haigawiwi kwa yeyote, pamoja na MAC na mahali kilipo.

Kukiingilia ilibidi niende na laptopu hadi kwenye swichi ya bloku. Programu ya mtengenezaji inatafuta visanduku kwa kupiga kelele mtandaoni, "nani yupo?", na kelele hiyo haivuki ruta, kwa hiyo ukiwa ofisini hutasikia jibu hata ukeshe. Ukishakipata, mengine ni kujaza. Kwenye visanduku vya Lantronix, kwa mfano, unaingia kwa telnet kupitia poti 9999 na kubonyeza Enter haraka kabla hakijakufungia mlango. Vina mtego mmoja: badala ya kukuuliza barakoa ya mtandao kama 255.255.255.0, vinauliza idadi ya biti za upande wa kifaa. Jibu ni 8. Aliyezoea kuandika 24 atatoka hapo na mtandao wa ajabu.

Mstari ambao watu huuruka ni wa lango, yaani anwani ya ruta. Bila huo kisanduku kitaijibu laptopu yako palepale bwenini na utashangilia, ila ofisini kimya, kwa sababu ofisi iko mtandao mwingine na majibu hayajui pa kutokea. Mipangilio ya upande wa pini 9 sikuigusa: kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kufunga. Hiyo lazima ilingane na kisomaji, la sivyo skrini inajaa herufi za kishetani.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Mwanangu, hiyo namba inakaa wapi? Kwenye laptopu yako?"

Nikamwambia hapana, iko ndani ya kisanduku, kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Hakuniamini, na alifanya vizuri. Akachomoa plagi mwenyewe, akahesabu hadi ishirini, akachomeka. Tukarudi ofisini, nikakiita .12, kikajibu. Nikabadilisha anwani kwenye programu, na ile 82 ya kijani ikaondoka. Ikaja 9, nyekundu. Mwendesha pampu hakusubiri kuambiwa.

Programu yenyewe bado ina tabia yake ya kung'ang'ania namba ya mwisho. Tumebandika karatasi chini ya skrini: ANGALIA SAA KWANZA. Juu ya kisanduku Mzee aliandika kwa kalamu ya maka: 192.168.20.12, TANKI B, USIBADILISHE BILA TEHAMA.

Kisanduku cha tanki la Bloku D bado kinaazima anwani. Namba yake imeshatengwa TEHAMA, lakini mafunzo yangu yameisha na ufunguo wa chumba cha chini ya mnara anao Mzee. Waziri wa malazi, ukisoma hapa, weka kando barua ya pampu kwanza, mtume kijana mmoja mwenye laptopu kabla umeme haujakatika tena.