Baruti na Mwamba wa Kyerwa

Ukishaiacha Kyaka, kando ya Mto Kagera, barabara inaanza kupanda. Karagwe nilikuwa naisoma tu vitabuni. Sasa migomba na mibuni ilipita dirishani, na kila barabara ilipokata kilima niliona tabaka za mwamba zimeinama, nyingine karibu kusimama wima. Wanajiolojia huuita mkanda huu Karagwe-Ankole. Unafika Uganda, Rwanda na Burundi, na ndimo lilimo bati.

Kabla ya Omurushaka tulisimama kwenye machimbo ya mawe. Msimamizi alinionyesha ukuta uliobaki baada ya mlipuko. Mahali pamoja nusu ya tundu la baruti ilikuwa ingali juu ya jiwe, imenyooka na laini. Hatua chache mbele tundu halikuacha hata alama. Jiwe lilisambaratika, na nyufa zilizama ndani kufuata tabaka.

"Baruti ileile, fundi yuleyule," alisema. "Jiwe ndilo tofauti."

Baruti ikilipuka hutuma wimbi linaloukandamiza mwamba. Kukandamizwa mwamba hustahimili sana; kinachoushinda ni kuvutwa. Itale inayobeba megapaskali 150 ikikandamizwa yaweza kupasuka kwa 10 hivi ikivutwa. Na wimbi likifika kwenye uso ulio wazi, uwe ukuta au dari ya shimo, hurudi likivuta. Kwa hiyo dari huweza kulegea hata mahali ambapo baruti haikutegwa.

Mkazo unaoletwa na wimbi hilo hukadiriwa kabla ya kulipua: zidisha densiti ya mwamba kwa kasi ya wimbi, kisha kwa kasi ya mtikisiko. Miaka ya 1970, Holmberg na Persson wa Sweden walitoa kanuni ya kukisia mtikisiko kutokana na kilo za baruti na umbali. Kwa namba zao, kilo moja huleta kama megapaskali 8 umbali wa mita moja, na 3 tu umbali wa mita mbili. Lakini namba hizo zilitoka kwenye mwamba mgumu wa Sweden. Tabaka zilizolala upande, zenye maji na nyufa za zamani, zinadai vipimo vyake zenyewe.

Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imechimbwa bati tangu enzi za Waingereza. Shimoni, mchimbaji mmoja mzee alinipa kipande cheusi kidogo. Uzito wake ulinishtua: bati ghafi huzidi jiwe la kawaida zaidi ya mara mbili.

"Shikamoo mzee. Mnajuaje kama dari ni salama?"

"Marahaba mwanangu. Tunagonga."

Akainua nondo, akagonga dari. Ngo! Sauti kavu, ya jiwe zima. Akasogea kidogo, akagonga tena, ikaitika kwa sauti nzito iliyopwaya. Hapo akanivuta mkono tukatoka.

Sikio lile naliheshimu sana, ila husema baada ya ufa kutokea. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inamtaka mlipuaji awe na kibali. Kibali peke yake hakipimi mwamba. Naiomba Tume ya Madini ilete vipima-mtikisiko kwa wachimbaji wadogo wa Kyerwa, milipuko michache midogo ipimwe, na kila shimo lipate namba zake kabla utambi haujawashwa.