Tansio ya mimba haiishi siku ya kuzaa

Wamama wenzetu, mwezi uliopita, siku ya likelemba, mmoja wetu alianguka mbele yetu. Mimba yake ilikuwa ya miezi nane. Tangu asubuhi alisema kichwa kinamuuma na macho yanaona giza. Sisi tukamjibu ni jua. Alipoanza kutetemeka na kukaza meno, wengine walisema ni pepo. Tulimkimbiza hospitali. Tansio ilikuwa 180 kwa 110. Walimchoma magnesiamu, na leo mama na mtoto wako hai.

Koko, mama yake, akatuambia kwamba naye alishikwa vile alipozaa kifungua mimba. Sasa koko husahau chungu motoni, na watoto wa mtaa humwita mchawi.

Tulitafuta kuelewa. Huko Denmark, mwaka 2018, wataalamu waliofuatilia wanawake zaidi ya milioni moja walionyesha kwamba waliopata tansio hiyo ya mimba, preeklampsia, hupotewa na akili uzeeni kwa ugonjwa wa mishipa ya ubongo mara tatu kuliko wengine. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walikuta katika damu na kondo la wagonjwa wa preeklampsia protini iitwayo tau, iliyopinda. Tau nzuri hushikilia seli za ubongo kama miti inavyoshikilia nyumba ya udongo, ikipinda, huharibu. Tau hiyo hiyo huonekana katika ubongo wa wagonjwa wa mishipa. Dawa ya kuikamata imefaa kwa panya. Kwa wamama bado.

Hatusemi ugonjwa wa koko ulitoka kwenye uzazi ule, hakuna aliyempima. Lakini tumeamua hivi. Mwenye mimba akiumwa sana kichwa, akiona giza au akivimba uso, apimwe siku hiyo hiyo. Aliyewahi kushikwa atunze fishi yake ya CPN na amwambie muganga mapema katika mimba inayofuata, maana aspirini kidogo, ikiandikwa na muganga, inaweza kumkinga. Na baada ya kuzaa aendelee kupima tansio kila mwaka, hata watoto wakishakuwa wakubwa.

Kila jioni mmoja wetu hupita kwa koko kuangalia chungu. Darasani tumewaambia watoto: huyu ni mgonjwa, si mchawi.

Likelemba ijayo tutaleta mashine ya tansio. Uje na mama yako.