Matembezi Mepesi ya Musoma na Buswahili

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Mtu akienda kwa miguu polepole, bila ya mzigo na bila ya haraka, hutembea. Na mtu akiondoka kwake kwenda kumwona jamaa yake, japokuwa amepanda basi kutoka Mwanza hata Musoma, yeye naye ametembea, na wenyeji wake watasema kuwa wametembelewa. Wako wadhanio kuwa huu ni upungufu wa lugha. Lakini katika nchi ya Mara, mashariki mwa Ziwa Viktoria, neno hili hutumika kwa maana zake zote mbili kwa wakati mmoja, na mgeni atakaye kutembea kwa ajili ya kufurahisha macho yake tu hafiki mbali kabla ya kugundua kuwa amekwisha kuwatembelea watu.

Na aanze Musoma, maana njia za huko ni nyepesi kuliko zote. Mji umekaa juu ya rasi, kama ulimi wa nchi kavu uliotolewa majini, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo mtu wa pwani akifika hapo husikia mawimbi na harufu ya samaki akadhani amerudi kwao, mpaka ayaonje maji na kukuta hayana chumvi. Kutoka Mwigobero, mahali pa mitumbwi na wachuuzi wa dagaa, mwendo wa kuifuata rasi hata ncha yake haumchoshi mtoto wala mzee. Huko nchani mawe ya matale yamepandana, makubwa kama nyumba, mengine yamekaa juu ya mengine kwa namna ya kumtisha apitaye chini yake. Pimbi huota jua juu ya mawe hayo; kenge hujiburuta katika nyufa; mnandi husimama amekunjua mabawa yake yakauke; na mdiria hutulia hewani juu ya maji kama kitu kilichotundikwa, kisha huanguka. Jua la jioni hutua ziwani. Apendaye kuona maji ya pande mbili kwa pamoja hupanda mlima Mukendo, ambao si mrefu, akateremka kabla ya giza. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa dagaa hujipanga juu ya ziwa hata mgeni akauliza ule ni mji gani ng'ambo ya pili.

Lakini njia ya ukingoni si ya kudumu, na jambo hili lastahili kusemwa wazi. Maadui zake ni wawili. Wa kwanza ni ziwa lenyewe. Mvua za mwanzo wa miaka ya 1960 zililijaza hata kufikia kimo kilichokumbukwa kwa zaidi ya nusu karne. Na mwezi wa Mei 1964 ulipokwisha kuwa hadithi ya wazee, mwaka 2020 ukaja na maji yaliyofikia kimo kile na kukizidi kidogo. Fukwe zilifunikwa, miti ikasimama majini, na njia zikahamia juu, penye viwanja vya watu. Hapo ndipo alipo adui wa pili, nao ni ukuta. Ajengaye karibu na ziwa hujenga kwa ajili ya kuliona, na akisha kulipata hapendi wengine wapite mbele ya macho yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Ni sheria njema. Lakini iliwekwa kwa ajili ya kuyahifadhi maji, na mpita njia hunufaika nayo kwa bahati tu, kama ndege anufaikavyo na shamba la mtama. Tena ziwa linapopanda, mita 60 nazo hupanda, na ukuta uliojengwa kwa halali jana huwa ndani ya mpaka leo. Wachotao maji, waoshao vyombo na watoto watokao shule hawaulizi kipimo. Wakizuiwa hapa huzunguka kule, na baada ya masika mawili nyasi huonyesha kila mtu njia mpya ilipo.

Kandokando ya ziwa, nje kidogo ya mji, iko Makoko, ambako wamisionari wa Maryknoll walianzisha chuo cha kuwafundisha wageni Kiswahili. Ni ajabu ya kupendeza kwamba lugha ya Waswahili wa pwani imefundishwa kwa miaka mingi mbele ya maji baridi, katika nchi ambayo watoto husikia nyumbani Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo. Yamkini mahali hapo pana faida yake. Mwanafunzi atembeaye njia za vijiji vya jirani hufanya mtihani wa maamkizi kila baada ya hatua mia. Asemapo "shikamoo" kwa mzee aketiye chini ya mti, hapati "marahaba" peke yake. Huulizwa atokako, aendako, na kama kwao kumenyesha. Ajibuye "natembea tu" hutazamwa kwa huruma. Jibu hilo ni sahihi katika sarufi, lakini halikubaliki kama habari: mtu hutembea kwa nani?

Upande wa Bunda hauhitaji maneno mengi. Ni nchi nzuri ya vilima na mashamba ya pamba, lakini Serengeti iko mlangoni, na penye nyati na tembo matembezi si mepesi tena. Huko mgeni hupanda gari.

Njia iliyo na sifa kuu kuliko zote katika mkoa huu haikuwa nyepesi hata kidogo. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama akaenda Musoma kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, mwendo wa yapata maili 26. Waandishi wa zamani wa pwani wangesema kwamba mtoto huyo alikwenda kwa miguu, wala wasingesema alitembea, kwa kuwa kutembea kulikuwa na starehe ndani yake. Mtoto huyo, Julius Nyerere, ndiye aliyeshiriki baadaye kuligeuza neno. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi wa Februari 1967, vijana walishika njia kutoka pembe mbalimbali za nchi ili kuliunga mkono, na safari zao zikaitwa matembezi. Kijana mmoja, Seti Benjamin, alifariki njiani. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Rais mwenyewe alitoka Butiama kwenda Mwanza, zaidi ya maili 130, kwa miguu. Tangu hapo neno matembezi limebeba vumbi na malengelenge pamoja na upepo wa jioni, na kamusi isiyoonyesha hayo imepungukiwa.

Butiama ya leo humpa mgeni mwendo mfupi. Mahali paitwapo Mwitongo, maana yake mahame, pana makaburi ya Mtemi Burito na mkewe Mgaya, na la mwana wao aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa hapo mwezi huohuo. Makumbusho yaliyopewa jina lake yalifunguliwa mwaka huohuo, akiwa hai bado. Vitu vilivyomo vyatazamwa kwa saa moja. Mawe ya nje yafaa saa mbili. Msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa katika imani ya Wazanaki, umesimama karibu, na mgeni mwenye adabu huutazama akiwa na mwenyeji.

Kaskazini mwa hapo, karibu na mto Mara, iko kata ya Buswahili. Jina hili humchekesha msomi kwa kitambo kidogo. Silabi "bu-" ya lugha za maziwani ni ndugu wa "u-" ya Kiswahili, kama Buganda na Uganda. Kwa hiyo kwa umbo lake Buswahili ni Uswahili. Bukabwa na Bukwaya zimeumbwa vivyo hivyo. Atafutaye minazi na milango ya nakshi hatapata hata kimoja. Atakuta ng'ombe, mtama, mihogo iliyoanikwa juu ya mawe, na mbele yake kinamasi cha mafunjo kisichoonekana mwisho, ambamo mto utokao Kenya hupoteza umbo lake kabla ya kuingia ziwani. Kinamasi hicho kimepanuka sana tangu miaka ya 1970, kwa matope yanayoletwa na maji kutoka mashamba ya juu, na njia zilizokuwa za kuchungia sasa ni za samaki. Mgeni asipite ukingoni peke yake: mamba na viboko wana njia zao, nazo huonekana safi na za kuvutia kuliko za watu.

Basi matembezi ya Buswahili hufanywa kwenye miinuko, kutoka mji hata mji, na huchukua muda mrefu kuliko umbali wake, kwa kuwa kila ua lina kiti. Saa ya kuondoka ikifika, mwenyeji naye huondoka. Hiyo ndiyo desturi ya kusindikiza, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya siku nzima: mazungumzo yaliyoshindikana penye watu wengi husemwa hapo, watu wawili wakitazama mbele, habari za deni, za mgonjwa, za mtoto aliyekwenda mjini asirudi. Mgeni husema, "Rudi sasa, mzee wangu", mwenyeji husema, "Nitafika pale mtini." Wakifika mtini huendelea hata njia panda. Hapo mwenyeji husimama, huitaja njia iliyobaki kwa alama zake, jiwe jeupe, kijito, kisha barabara, na hungoja mpaka mgeni aanze kuteremka.