Nyumba ya Shangani na Haki za Wifi Zetu



Kila bibi harusi anayekuja kwetu kujaribu gauni husimama kwanza mlangoni. Hupapasa nakshi za mlango, hutazama juu, kisha husema yale yale: "Jamani, mna bahati nyinyi! Kukaa Shangani!" Wengine huomba wapigwe picha barazani kabla hatujatoa hata futi ya kupimia. Tunawajibu alhamdulillah, na kweli ni alhamdulillah. Lakini leo tunataka kukuelezeni jinsi bahati hiyo ilivyokaribia kututia kwenye dhulma, maana wengi wenu mtaingia kwenye nyumba za wazee wa waume zenu, kama tulivyoingia sisi.

Tukisema sisi, tunakusudia watu watano na cherehani mbili: baba watoto, mavyaa, watoto wawili, na fundi anayekushoneeni.

Nyumba yetu ni ya ghorofa mbili, hatua chache tu kutoka baharini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nene hata mtoto anaweza kujikunja na kulala kwenye kina cha dirisha. Dari zimebebwa na boriti za mikandaa. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: fundi wa zamani alipima chumba kwa urefu wa boriti aliyoipata. Mchana nje kunawaka jua, ndani kumepoa. Alasiri upepo wa bahari unapanda ngazi na kuingia mpaka jikoni.

Na nyumba hizi zina sitara. Mgeni mwanamume huketi barazani, akaletewa kahawa yake, akaondoka bila kuona ndani. Chumba cha kushonea kiko juu kabisa, kwa hiyo bibi harusi anavua baibui, anajigeuza mbele ya kioo, anacheka na dada zake bila kuogopa jicho la mtu.

Mtaa huu ulikuwa wa watu wakubwa. Hata nyumba ya Tippu Tip iko hapa hapa Shangani. Lakini mavyaa hapendi watoto waisifu historia nusu nusu. Huwaambia kwamba mali iliyojenga majumba ya mji huu ilitoka kwenye karafuu na pembe za ndovu, na pia kwenye biashara ya watu, ambayo soko lake pale Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. "Mlango mzuri usikusahaulisheni jasho la mtu," huwaambia. Tulikuwa tukimsikiliza tukiitikia kwa vichwa, tusijue kwamba maneno hayo yanatuhusu sisi wenyewe.

Uzuri wa nyumba hizi una kazi. Hewa ya chumvi inakula misumari na bawaba. Ukichelewa kuziba paa kabla ya masika, maji yanaingia ukutani na chokaa inadondoka vipande vipande. Mwaka mmoja, kwa haraka zetu, tulipiga saruji ukuta wa chini. Ukuta wa chokaa unapumua, ukiuziba kwa saruji unyevu unakosa pa kutokea, na ndani ya miezi michache rangi yote ilivimba na kubanduka. Tukalipa fundi mara ya pili kubandua kazi ya mara ya kwanza. Tena Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo huamki tu asubuhi ukabomoa na kujenga utakavyo. Lazima upate kibali.

Usiku mmoja wa masika, siku ya Jumatano, kipande cha dari kilianguka kwenye chumba cha kushonea. Kwenye meza palikuwa na gauni la nikahi ya Ijumaa, na ukutani zilining'inia nguo nyingine sita za watu. Tukapiga kelele. Jirani wa upande wa pili wa kichochoro, bibi mmoja mtu mzima, akafungua dirisha lake. Kichochoro chetu ni chembamba mno, dirisha kwa dirisha mtu anaweza kupokea sahani. Hakuuliza kitu. Akanyoosha mikono, tukampa nguo moja moja, akazipokea kama anayepokea watoto. Asubuhi tulimkuta ameshazitandaza sebuleni kwake na kuwaita wanawake wawili wa mtaani. Mmoja alifuta vumbi la chokaa kwenye lesi, mwingine alitusaidia kupiga pindo. Ijumaa bibi harusi alivaa gauni lake na hakujua lolote.

Huyo ndiye jirani tuliyempoteza. Marehemu mumewe aliacha watoto saba, na nyumba haikugawiwa. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata. Paa likivuja, kila mmoja alimtazama mwenzake: nani atoe pesa kwenye nyumba ambayo hajui sehemu yake ni ipi? Hivi ndivyo nyumba nyingi za mji huu zinavyochoka, wenyewe wakiwa hai. Mwisho watoto walikubaliana jambo moja tu, kuikodisha iwe nyumba ya wageni. Mama yao akahamia Fuoni kwa binti yake mdogo. Siku anaondoka alitushika mikono pale pale kichochoroni, akasema, "Wanangu, gaweni mkiwa bado mnapendana."

Tuliona haya, maana na sisi tulikuwa hatujagawa.

Baba mkwe alifariki miaka sita kabla ya siku hiyo. Alimwacha mavyaa, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mmoja anaishi Dar es Salaam, mwingine Maskati. Baada ya arubaini watu walitawanyika, sisi tukabaki ndani. Hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tukijipa moyo kwamba sisi ndio tunaoitunza nyumba, ndio tunaomhudumia mavyaa. Yote kweli. Lakini pia ndio tuliokuwa tukikaa bure, ndio tuliofungua kazi ya kushona juu, ndio tuliosifiwa mlango.

Kisha akaja mtu na bei. Alitaka kuinunua nyumba aifanye hoteli. Wifi wa Maskati aliposikia, akapiga simu akasema iuzwe. Tukakasirika. Usiku ule tulisema maneno tunayomwomba Allah atusamehe: kwamba ana tamaa, kwamba hajui uchungu wa nyumba, kwamba hajawahi kununua hata kopo la rangi. Mavyaa alitusikiliza mpaka tukachoka. Akauliza kwa upole, "Na nyinyi mmeshawahi kumlipa kodi?"

Tulinyamaza. Wifi yetu hakuwa anaomba hisani. Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, zimeshagawa: mavyaa thumuni yake, kinachobaki mtoto wa kiume sehemu mbili na kila binti sehemu moja. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayeipenda nyumba zaidi, au anayekaa ndani yake, aongezewe. Tuliipenda nyumba mpaka tukaisahau haki ya wenzetu.

Tulimpigia simu tena asubuhi, safari hii kuomba radhi. Alilia, nasi tukalia. Kumbe hakuwa na haja ya kuiuza nyumba aliyozaliwa. Alikuwa na mtoto anayetaka kusomeshwa, na alikuwa amechoka kungoja aulizwe.

Tukafanya hivi. Tulikaa wote, wifi mmoja akiwa kwenye simu, tukasomewa mafungu na mtu mwenye elimu ya mirathi. Akaletwa mthamini, nyumba ikapewa thamani. Wifi zetu wote wawili wakakubali kwa ridhaa yao tununue sehemu zao kidogo kidogo, na kwa miaka ile sita wakatusamehe kodi. Tuliwauliza waziwazi. Hatukujisamehe wenyewe. Kisha tukaandika, na mashahidi wakatia saini, maana Allah ametuamrisha kuandika deni katika Surat Al-Baqara, aya ya 282, na udugu si sababu ya kuacha kuandika.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la kwenu hasa mabibi harusi. Sehemu ya pesa inayolipa deni hili inatoka kwenye cherehani. Pesa ya mke ni yake, mume hana haki nayo ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Kwa hiyo kinachotoka kwenye ushoni kimeandikwa kwa jina la mwenye cherehani. Baba watoto ndiye aliyeshika kalamu. Mapenzi hayakupungua, na moyo umetulia.

Hatukudanganyeni kwamba mambo yamekuwa mepesi. Deni bado lipo. Msimu wa harusi ukipoa, mwezi huwa mrefu. Dirisha la upande wa pili sasa hufunguliwa na mgeni wa siku tatu. Wageni hawana ubaya, wanatusalimia jambo, nasi tunawajibu. Lakini dari likianguka tena, hatujui tutampa nani nguo. Kila tunapopita karibu na Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, tunakumbuka kwamba hata jumba la mfalme linataka kutazamwa. Basi kila kabla ya masika tunapanda juu kukagua paa letu. Safari hii tukipiga chokaa tunajua ni ya nani.

Kwa hiyo, shoga yetu, ukiposwa na ukaambiwa utakwenda kukaa nyumba ya wazee, nzuri, karibu na bahari, furahi na umshukuru Allah. Kisha uliza kwa adabu: nyumba hii ni ya nani na nani, imegawiwa, sisi tutakaa kwa ridhaa ya nani? Si utovu wa heshima kuuliza. Ni kuilinda heshima ya wifi zako, na ya ndoa yako pia.

Juzi wifi wa Maskati alikuja. Alilala chumba chake cha utotoni, alfajiri tukamkuta dirishani anatazama bahari. Akasema, "Mmeitunza." Neno hilo moja lilitutosha.

Allah atujaalie nyumba zenye baraka, majirani wema, na mikono isiyoshika haki ya mtu. Aamin.