Gia moja tu, na mlima wa Valley Road

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee kuhusu baiskeli. Msitoroke, hesabu zitakuwepo.

Mimi naishi upande wa Dagoretti Corner na ofisi yetu iko katikati ya jiji la Nairobi, kilomita 8 hivi. Nilipoamua kuachana na matatu (nauli ya siku ya mvua mnaijua wenyewe), nilitaka baiskeli ya gia moja. Haina waya wa gia wa kukatika, haina vikorokoro vya kuziba matope, na fundi yeyote aliye chini ya mti ataitengeneza. Black Mamba zimebeba maziwa na magunia nchini humu kwa gia moja miaka na mikaka, kwa hivyo kwamba inawezekana, sina shaka. Kilichoniumiza kichwa ni meno: mangapi mbele, mangapi nyuma?

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Tairi yangu ni 700x28, na mzingo wake ni kama mita 2.14. Ukiwa na 46 mbele na 16 nyuma, kila pedali ikizunguka mara moja unasonga mita 6.15. Ukiwa na 44 na 18, unasonga mita 5.23. Tofauti hiyo ndiyo bei yote ya biashara hii: kwenye mlima uleule, 46 kwa 16 inadai mguu usukume kwa nguvu zaidi ya asilimia 17.

Vijana wa mbio watakuambia chukua 46 kwa 16, maana ina kasi. Ni kweli. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, hiyo inakupa kilomita 29 na nusu kwa saa, na ile nyingine inakupa 25 tu. Lakini jamani, ni wapi Nairobi utakimbia 29? Nikitoa taa, mizunguko, wapita njia na matatu zinazosimama zinapotaka, njia yangu ina labda kilomita 3 zilizo wazi kabisa. Kwenye hizo 3, gia ndogo inanichelewesha dakika moja. Moja! Tarakilishi ya ofisini huchukua zaidi ya hapo kuwaka.

Asubuhi hata sihitaji kufikiri. Nateremka Valley Road bila kupiga pedali, friwili inalia, mikono iko kwenye breki.

Jioni ndiyo mtihani. Umetoka kazini umechoka, mgongoni kuna mkoba wenye laptopu, na kutoka Uhuru Highway unaanza kupanda. Pale mimi hupanda kwa kilomita 10 kwa saa nikiwa na bidii. Kwa 46 na 16, hiyo ni pedali kuzunguka mara 27 kwa dakika, yaani unasimama juu ya baiskeli na kuivuta kama ng'ombe mkaidi. Kwa 44 na 18 ni mara 32. Inaonekana ni tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini goti langu la kushoto, lililoumia kwenye mpira zamani, halisomi karatasi.

Na kuna jambo ambalo sioni likitajwa sana: kuanza kutoka kusimama. Gari lililo mbele likisimama ghafla katikati ya mlima, nawe unasimama. Likiondoka, matatu iliyo nyuma yako tayari inapiga honi. Ukiwa na gia kubwa, unayumba kushoto na kulia mita kadhaa za kwanza, na hizo ndizo mita ambazo hutaki kuyumba. Mimi nina mtoto anayenisubiri nyumbani. Hapo ndipo nilipoacha kubishana na vijana wa mbio.

Nilipompelekea fundi wangu karatasi ya hesabu, aliicheka. "Boss, kwani unaenda Ulaya?" Kisha akaangalia namba na kusema hata yeye angeanza na 18. Nikamwambia, "Sawa mzee, funga."

Kidokezo kimoja kwa wanaotaka kujaribu: jino moja la nyuma ni kama asilimia 6, ilhali jino moja la mbele ni kama 2 tu. Basi badilisha nyuma kwanza, ni rahisi na ni bei nafuu. Kama fremu yako ina nafasi ya kusogeza gurudumu, jino moja husogeza ekseli kama milimita 3 pekee, kwa hivyo unaweza kujaribu 17, 18 na 19 kwa cheni ileile bila kuikata. Hakikisha tu cheni haijalegea, maana ikiruka ukiwa umesimama kwenye pedali utakula lami.

Kwa sasa natumia 18. Ile ya 19 iko kwenye droo ya ofisini, pamoja na nyaya za zamani za chaji, ikingoja mvua za Aprili na upepo wake wa usoni.