Kete za Karata na Mshahara wa Nyumba

Katika nyumba za askari hapa Bujumbura, wa jeshi na wa polisi, jioni ya Jumamosi ina desturi zake. Wapo waendao kupunga upepo ufukweni mwa ziwa, wapo wasikilizao mpira redioni, na wapo wale ambao, mara tu sahani za wali na dagaa zinapoondolewa, husogeza meza chini ya taa na kuuliza karata ziko wapi. Nyumbani kwetu Ngagara mchezo upendwao ni poka. Uliletwa na shemeji yangu, mmoja wa wanajeshi wa Burundi waliokwenda kulinda amani Somalia, kazi ambayo jeshi letu liliianza mwishoni mwa mwaka 2007. Huko, baada ya zamu, walicheza kwa punje za maharage. Alipotua nyumbani akawafundisha ndugu zake, na mume wangu, ambaye ni polisi, akawaita wenziwe wa kazini.

Mimi si mchezaji. Mimi ndiye mtunza kopo, yaani ninayepokea fedha, ninayegawa kete, na ninayezirudisha kuwa fedha mchezo unapokwisha. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi, na imenifunza jambo ambalo wachezaji wenyewe hulisahau: kabla karata ya kwanza haijagawiwa, thamani za kete zilizomo katika kopo zimekwisha amua kama jioni itamalizika kwa kicheko au kwa ugomvi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, yatosha kusema hivi. Kila duru, watu wawili hutoa dau la lazima kabla ya kuona karata, mmoja dogo na mwingine maradufu yake. Wengine wakiisha tazama karata zao huchagua: kulingana na dau hilo, kuliongeza, au kuzitupa karata. Zinazochezwa kwa kweli, basi, ni kete. Karata husema nani ashinde. Kete husema ashinde kiasi gani, na mwenzake apoteze kiasi gani.

Niliwahi kukaribishwa pamoja na mume wangu katika nyumba moja ambayo sitaitaja. Mwenye nyumba alikuwa na kete za aina mbili tu: za faranga 100 na za faranga 5,000. Kila mchezaji alipewa tano za 100 na nne za 5,000. Dau la lazima lilikuwa 100 na 200, mchezo mdogo kabisa, mchezo wa majirani. Saa moja haikupita kete zote ndogo zikawa zimerundikana mbele ya mtu mmoja aliyekuwa na bahati. Wengine wakabaki na zile kubwa tupu. Kila aliyetaka kuongeza dau alisukuma kete ya 5,000, na kwa kuwa chenji haikuwepo, hakuna aliyeidai. Kijana mmoja, askari aliyekuwa na miezi michache kazini, aliweka kete tatu kwa karata ambazo zilistahili faranga 600. Akapoteza 15,000 katika duru moja. Usiku ule nilimsikia akimwuliza mume wangu kwa sauti ya chini, "Afande, hivi nikienda nyumbani nitasema unga umekwenda wapi?" Mume wangu hakuwa na la kumjibu.

Watu walisema kijana yule ana tamaa. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni niliona jambo jingine. Pale mezani hakuna aliyesema, "Sasa tuongeze dau." Dau lilipanda lenyewe kwa sababu kete ndogo ziliadimika. Hilo ndilo ninalotaka kuliweka mbele ya kina mama na kina baba wasomao ukurasa huu: kete ndogo zikiisha, mchezo mdogo hugeuka mkubwa bila mtu yeyote kuamua, na anayelipa ni mtu ambaye hakuwepo mezani, aliyelala chumba cha pili na watoto.

Jambo hili si geni kando ya ziwa letu. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifika Ujiji, mwambao wa kusini kutoka hapa tulipo, akaandika habari za soko lake. Fedha ya soko lile ilikuwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Asubuhi, soko lilipofunguliwa, walikuwepo watu wenye mifuko iliyojaa sofi waliowapa wanunuzi shanga hizo kwa kubadilishana na shanga nyingine. Soko lilipofungwa watu walewale walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Nisomapo habari hiyo hujiona mwenyewe na kopo langu, ila mimi faida siipati. Wale walielewa kwamba kete zigawiwazo asubuhi hapana budi zirudi jioni, na kwamba pasipo mtu wa kuzizungusha soko husimama. Tena neno kete lenyewe, katika Kiswahili cha zamani, lilitaja simbi za kuchezea, na pia lilitaja shada la shanga. Mchezo na soko vilikunywa kisima kimoja.

Mfano wa pili ni wa sarafu. Nchi yetu ilipokuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, na mji huu ukiitwa Usumbura, rupia hapo mwanzo iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 wakaacha mgawanyo huo, rupia ikawa heller 100. Vita Kuu ilipowafungia njia za bahari, Wajerumani walifua sarafu zao wenyewe Tabora mwaka 1916. Kwa matumizi ya kila siku hawakufua aina sita wala saba. Walifua mbili: heller 5 na heller 20. Tazama ngazi inayopatikana: 1, 5, 20, 100. Kila daraja ni mara tano au mara nne ya lile lililo chini yake. Aliyetaka kulipa hakuhitaji sarafu nyingi mkononi, na aliyetaka chenji hakuhesabu hadi usiku.

Ngazi hiyohiyo ndiyo ifaayo mezani. Daraja zikikaribiana mno, kama kete ya 500 na ya 1,000, wachezaji huwa na aina nyingi zifanyazo kazi moja, nao huchanganya hesabu. Daraja zikiachana mno, kama ile ya 100 na 5,000, chenji huwa taabu, na taabu ya chenji ndiyo mlango wa hasara. Askari analijua jambo hili kuliko raia. Kamanda wa kombania hamwamrishi kila mtu mmoja mmoja. Ana platuni chache, kila platuni ina vikosi vichache, na kila daraja lahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kete nazo zipangwe vivyo hivyo.

Sasa nieleze jinsi ninavyopanga kopo langu. Wengi huanza kwa kuuliza dau liwe kiasi gani. Mimi huanza upande wa pili: nyumba inaweza kupoteza kiasi gani jioni moja bila mtu kunyamaziana na mtu? Kiasi hicho hupatanwa na mume na mke kabla ya wageni kufika. Nikigawanya kwa 50, napata dau kubwa la lazima. Nusu yake ni dau dogo, nalo ndilo thamani ya kete ndogo kabisa. Sehemu ya tano ya kiasi chote ndiyo kete kubwa kabisa, na haipitwi.

Tuseme nyumba imekubali faranga 10,000. Dau kubwa ni 200, dau dogo ni 100. Basi kete nyeupe ni ya 100, nyekundu ni ya 500, na ya buluu ni ya 2,000. Kila mchezaji anayeketi hupokea nyeupe 20, nyekundu 8 na buluu 2. Nyeupe ni faranga 2,000, nyekundu ni 4,000, buluu ni 4,000. Jumla 10,000, kwa kete 30. Wachezaji sita wahitaji nyeupe 120, nyekundu 48 na buluu 12, yaani kete 180. Mwenye nyumba ndogo aliyekubali 5,000 tu atachukua ngazi ya 50, 200 na 1,000, nayo itamtumikia vilevile.

Angalia kwamba theluthi mbili za kete zote ni nyeupe. Wageni hucheka, husema nawapa sarafu za watoto. Shemeji yangu kila mara hunijaribu: "Shemeji, nipe buluu tupu, mfuko wangu usichakae." Nami humjibu, "Buluu tano utazisukuma mara tano, kisha utakwenda kulala. Chukua nyeupe, ukae na ndugu zako." Hucheka, huchukua.

Hata nyeupe 120 hazitoshi zikiachwa zijikusanye. Kwa hiyo kila baada ya nusu saa huzunguka meza na kopo. Aliyerundika nyeupe humpa buluu au nyekundu kwa thamani ileile, na nyeupe huzirudisha kwa waliopungukiwa kwa kubadilisha kete zao kubwa. Hakuna apataye wala apotezaye katika mabadilishano hayo, lakini mchezo hubaki katika kimo chake. Aliyemaliza kete zake huruhusiwa kununua tena mara moja tu, endapo nyumbani kwake wamekubali, na hiyo ya pili hupewa kwa buluu tano, kwa kuwa nyeupe za kutosha zimekwisha kuwapo mezani. Ndiyo maana huweka akiba ya buluu 30 katika kopo, ya kuwatosha wote sita.

Kuhusu vifaa, hakuna haja ya kununua kete za dukani. Vizibo vya chupa za soda na bia vyafaa vikipakwa rangi, lakini vizibo vimejaa kila mahali, na mfuko wa mtu waweza kuzaa kete usiku. Vyangu nimevitoboa kwa msumari tundu mbili, jirani na ukingo, na mahali pa tundu hizo napajua mimi. Wengine hukata duara kutoka katika plastiki ya bidoni kuukuu, nazo ni imara zaidi. Rangi zichaguliwe kwa kufikiria usiku ambao umeme umekatika: mbele ya mshumaa buluu na kijani ni ndugu mapacha, wala usiziweke katika kopo moja. Kete kubwa iwe pia na alama ya kuguswa kwa kidole, ili hata mzee mwenye macho hafifu asiitoe akidhani ni nyeupe.

Na daftari lisikosekane. Huandika kila faranga iliyoingia. Watu sita wa 10,000 ni 60,000. Wakinunua wanne tena ni 100,000. Mwisho wa mchezo thamani ya kete zote zilizorudi ni lazima iwe hiyohiyo. Hakuna atokaye na kete mfukoni, wala hakuna deni la kuvuka hadi Jumamosi nyingine. Kete ni ahadi ya mwenye kopo, na ahadi ni ya usiku mmoja. Wakazi wa mji huu hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hilo: Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipoziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 na kutoa muda wa siku kumi, wengi waliokuwa wameweka akiba chini ya godoro walijifunza kwamba hata noti ni ahadi yenye mwisho. Sembuse kizibo kilichopakwa rangi!

Wapo majirani zetu wa Buyenzi ambao dini yao yakataza kamari, nao hucheza kwa kete zisizobadilishwa kwa fedha. Ngazi ya kete huwafaa hao pia, maana hata pointi zikikosa chenji mchezo huharibika. Na aliye kambini afuate amri za kambi yake. Haya niliyoyaandika ni ya nyumba, wala hayampi mtu ruhusa aliyonyimwa na mkuu wake.

Kijana yule wa faranga 15,000 siku hizi huja kwetu. Ni baba wa watoto wawili. Huketi na kete zake thelathini, hushinda siku moja na kupoteza siku nyingine, na mkewe anajua kiasi gani kabla hajafunga kamba za viatu. Hakuacha karata, na tamaa yake, kama kweli ni tamaa, sidhani kwamba imepungua. Kilichopungua ni ukubwa wa kete anayoweza kuisukuma katika dakika ya tamaa.

Basi, dada msomaji, usisubiri hadi tarehe kumi, unga umekwisha na mshahara haujulikani ulipo, ndipo uanze kuuliza habari za karata. Litake kopo mapema. Kubalianeni juu ya kiasi, gawanya kwa 50, chukua nusu yake, paka rangi vizibo vyako. Na kabla hujamfungulia mgeni wa kwanza mlango, hesabu nyeupe.