Tuliacha Kazi ya Uhakika: Tulivyoamua Nyumbani Kwetu

Mwezi huu tunataka kuwasimulia jambo lililotunyima usingizi wiki tatu nzima. Pengine hata nyumbani kwenu limeshapiga hodi.

Sisi ni baba na mama, watoto wanne, na bibi yao mwenye ugonjwa wa sukari. Mama wa nyumba ni muuguzi. Miaka sita alifanya kazi katika kituo kimoja cha afya karibu na Base Camp, upande wa wagonjwa wa nje: kupima malaria, kusafisha vidonda, kuandika daftari. Jioni yuko nyumbani, mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Kwa mkimbizi hiyo si kitu kidogo. Mnakumbuka mwaka 2023, familia zilipogawanywa makundi matatu kwenye mgao wa chakula, na wa kundi la tatu wakaondolewa. Sisi tulikuwa humo. Toka siku hiyo posho na maharage yetu yote yanatoka kwenye mshahara ule.

Basi ikaja nafasi ya ukunga, kituo cha mbali upande wa Rubondo. Kazi ya zamu za usiku, mkataba wa mwaka mmoja tu, mshahara pungufu kwa theluthi. Mwenye akili angesema achana nayo. Lakini mama alisomea ukunga huko Kongo, na ndiyo kazi aliyoitamani tangu usichana.

Tena kuna jambo lingine. Julai 2012, tukikimbia kutoka Rutshuru kwenda Bunagana, mwanamke mmoja alijifungua usiku kando ya barabara. Mama alimsaidia kwa kitenge na wembe mpya. Mtoto alilia vizuri, ila damu ya mzazi haikukata. Ile sindano ya oksitosini, ambayo mzazi hupewa mara mtoto anapotoka ili tumbo la uzazi lijikaze, hatukuwa nayo. Alifariki kabla hakujapambazuka. Mtoto tulimwachia shangazi yake, tukaendelea kutembea. Hatukuwahi kulizungumza sana. Lakini nafasi ile ilipotangazwa, sote wawili tulimkumbuka yeye.

Hata hivyo baba ndiye aliyekataa kwanza. Alisema, "Tumeanza sifuri mara moja, inatosha." Tukagombana, siku mbili tukasalimiana kwa shida. Mwishowe tukaita kikao cha nyumba nzima. Kijana wetu wa Senior 2 akauliza, "Sasa Mama, nani atamdunga bibi insulini?" Sisi wakubwa tulikuwa tumeongea pesa tu, hilo hatukuliwaza.

Bibi alikuwa kimya, halafu akasema, "Wanangu, siku tuliyokimbia hatukupewa muda wa kuhesabu. Leo mnao. Basi hesabuni, msiogope tu."

Tukachukua karatasi ya daftari. Upande mmoja tukaandika tutakachopoteza: theluthi ya mshahara, nauli ya boda, chumba cha kupanga Rubondo, mama kutokuwepo usiku. Upande wa pili tulichonacho: cherehani ya baba, bustani ya lengalenga, fungu letu kwenye kikundi cha akiba. Mama akaenda kwa mkubwa wake kuomba likizo bila mshahara, ili mlango ubaki wazi. Alijibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani. Hapo tukajua kwamba akitoka, ametoka.

Tukakubaliana masharti matatu: karo ya muhula mmoja iwekwe kwanza, kijana afundishwe kumdunga bibi mpaka bibi mwenyewe aridhike, na mkataba ukiisha bila kuongezwa, mtu asimlaumu mwenzake. Hili la tatu lilituchukua usiku mzima. Baada ya hapo mama akaandika barua ya kuacha kazi.

Sasa ni mwezi wa nne. Hatutawadanganya, ziko wiki tunakula lengalenga bila mafuta. Mtoto wetu mdogo alilia usiku mwingi, na bado huuliza mama anarudi lini. Mkataba hatujui utaishaje. Lakini juzi mama alirudi asubuhi, macho mekundu, akasema mzazi mmoja alianza kutoka damu nyingi na safari hii dawa ilikuwepo kwenye friji. Mzazi na mtoto wote wazima. Baba alimtengea maji ya kuoga bila kusema neno.

Hatusemi kila mtu aache kazi yake. Wengine wakihesabu wataona wabaki, na huko si kushindwa. Tunachosema ni kwamba sisi tuliopoteza vyote mara moja tuna hofu ambayo mara nyingine hujiita busara. Keni chini wote, na wazee na watoto, muiandike kwenye karatasi, muone ipi ni hofu na ipi ni hesabu.